Thumamu Uani kwa Mkwe

Ukipita mtaa wa nyuma pale Al-Suwaidi, Riyadh, asubuhi kabla jua halijawa kali, utamkuta Mzee Mbarouk amechuchumaa uani kwa mkwewe, kanzu kaikunja mpaka magotini, finjani ya kahawa mkononi. Usidhani anakunywa. Ndani ya finjani mna maji, na maji yale anayamimina taratibu kwenye shina la nyasi, kisha anainuka, anashika kiuno, anakwenda kwenye shina la pili. Watu waliomjua Jeddah wakimwona hivyo hucheka mpaka wakashika mbavu, na wana haki yao. Huyu Mbarouk wa finjani ndiye yule yule Mbarouk wa waiti.

Waiti ni lori la maji, ndivyo linavyoitwa Jeddah, na Jeddah ya miaka ile dereva wa waiti hakuwa mtu mdogo. Maji ya bomba yalikuja yanapojisikia. Yakikatika, majumba mazima ya Bani Malik yalikaa na madumu matupu yakisubiri honi ya lori moja. Mbarouk akiingia kichochoroni kinyumenyume, bila kugusa gari la mtu wala baraza ya mtu, wanawake walimpigia vigelegele kutoka madirishani utadhani analeta bibi harusi. Alivuta mpira mpaka kwenye tangi, akafungua koki, na hakuifunga mpaka maji yamwagike nje. Wenzake walifunga mapema ili wabakishe cha kumuuzia mwingine. Yeye hakuweza. Ilikuwa lazima ayaone maji yakitiririka ukutani kwa macho yake ndipo aamini kwamba kazi imekwisha. Amezunguka na lori lile tangu ndevu zilipokuwa zinachomoza mpaka zikaota mvi, kutoka Bani Malik hadi Balad, kwenye zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe ambako lori halipiti na ilimbidi aunganishe mpira kwa mpira. Hakuna siku aliyoionea haya kazi ile, na ukimpa nafasi atakusimulia mpaka chai ipoe.

Wazee wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi. Yeye alizaliwa Jeddah, akasomea Jeddah, akaoa Jeddah na mkewe akamzika Jeddah. Hata hivyo mpaka leo anatembea na ikama mfukoni, kibali cha mgeni kuishi nchini, kama mtu aliyeshuka kiwanja cha ndege juzi. Hilo halimlizi, ameshalizoea. Kilichomliza ni pale mtaa wao wa Bani Malik ulipobomolewa ili ujengwe upya, naye hana mke tena, magoti yamekwisha kwa kupanda na kushuka lori, ikabidi ahamie Riyadh kwa bintiye, Wahida.

Tunasema kwa bintiye, lakini nyumba ni ya Usama, mume wa Wahida, na hapo ndipo penye mwiba. Kwa watu wa Unguja, mwanamume mzima kwenda kukaa kwa mkwewe ni jambo la kumfanya mtu ale kwa haya. Si kwamba Usama ana ubaya. Ni mhasibu, mtu wa taratibu zake, na hajapata kumpandishia mzee sauti hata siku moja. Lakini heshima yake ndiyo iliyomchosha Mbarouk. Mzee akiingia sebuleni, Usama husimama. Mzee akitaka kubadilisha taa iliyoungua, Usama humwahi: "Usijisumbue, Baba, weye pumzika." Chai huletewa, kiti huwekewa, mto husogezewa mgongoni. Alikuwa akitendewa vile atendewavyo mgeni, na mgeni hata akae miaka hana pa kupigilia msumari wake. Mbarouk alitaka jambo moja tu: awe na sehemu yake katika nyumba ile, sehemu ambayo bila yeye haiendi.

Nyasi alikutana nazo jangwani. Ilikuwa Ijumaa ya majira ya baridi, familia imetoka nje ya mji upande wa Thumama kama wafanyavyo watu wa Riyadh. Wakatandika busati, wakawasha moto, Wahida akatoa sambusa na chai ya maziwa. Mbarouk akaenda kunyoosha magoti. Mara akaziona. Zilisimama mchangani shina moja moja, kila shina limejikusanyia kilima chake kidogo cha mchanga, vijiti vyake vigumu kama fagio na majani ya kijani yakichomoza katikati. Hapakuwa na bomba wala tangi, wala njia ya kupita lori. Alizizunguka akitafuta maji yanatoka wapi. Kwa mtu aliyenywesha watu umri wake wote, ilimkera kidogo kukuta kitu kilicho hai ambacho hakimhitaji.

Mchunga ngamia mmoja aliyekuwa karibu akamwambia kuwa hizo ni thumamu, na kwamba pahala penyewe pameitwa kwa jina lake. Ngamia wanazipenda, akasema, na zamani kwenye njaa watu walisaga mbegu zake wakala. Zilikuwapo kabla ya barabara na kabla ya mafuta.

Basi hizi ndizo wenyewe wa nchi, Mbarouk alisema moyoni. Hazina kafili wa kuzidhamini wala ikama. Kero ikamtoka, akazipenda papo hapo, kwa nguvu ile ile aliyokuwa akiwapendea watu wa mtaa wake.

Alishainama ashike shina moja aling'oe, Usama akaja mbio. "Baba, kung'oa huku ni marufuku! Tutapigwa faini."

"Nani kakwambia nang'oa? Nazisalimia."

Wiki iliyofuata akamtaka Usama ampeleke kwenye kitalu kinachouza mimea ya jangwani, pembezoni mwa mji. Huko akamkuta kijana wa Kikenya, Elphas, mtu wa Kitale, ndiye anayeangalia miche. Mbarouk alifurahi kupata wa kuzungumza naye Kiswahili, akafurahi mpaka akasahau kuuliza namna ya kuzitunza. Akanunua miche ya thumamu, akaipakata njia nzima mpaka nyumbani, akaipanda siku ile ile kwenye ukanda wa udongo chini ya ukuta wa ua. Kisha akafanya lile alilolifanya maisha yake yote. Akavuta mpira, akafungua koki, na hakuifunga mpaka alipoyaona maji yakitoka chini ya geti kwenda barabarani. Kesho yake akarudia. Kesho kutwa akarudia.

Miche ikawa manjano, ikawa nyeusi chini, na alipoigusa ikamkatikia mkononi ikinuka dimbwi. Aliifunga kwenye gazeti akarudi nayo kwa Elphas, uso umemshuka kama anapeleka maiti.

Elphas aliufungua mzigo ule akakuna kichwa. "Mzee wangu, kwani umezifanyia nini? Ulikuwa unapanda mpunga?"

"Nimezipa maji."

"Maji kiasi gani?"

"Yalotosha."

Elphas akanusa shina. "Hapana, Mzee. Haya ni mafuriko. Hii si sukuma wiki. Hii kitu ukiipenda hivyo unaiua. Toa huo udongo wote, weka mchanga, maji ipate pa kwenda. Halafu unaipatia kidogo tu. Kikombe ya kahawa hivi. Ikishika, hata hiyo kikombe unaacha."

Kikombe cha kahawa! Mbarouk aliona ametukanwa, yeye na lori lake. Lakini alikuwa dereva aliyefundishwa kazi na watu, hakujifundisha mwenyewe, na alijua kumsikiliza mwenye kazi yake. Alichimba ule ukanda wa ukutani kwa mikono yake, akakuta chini kumejaa kifusi na saruji ya wajenzi. Ndiyo maana maji yake yalikuwa yamekaa pale pale yakiipika mizizi. Usama akaja na yale yake: "Usijisumbue, Baba, nitaita watu." Mbarouk akamkatalia. Akatoa kifusi ndoo kwa ndoo, akajaza mchanga, akapanda miche mipya, na usiku ule akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Tangu aingie nyumba ile hakuwa amelala vile.

Kupanda kulikuwa rahisi. Kujizuia ndiko kulikomtoa jasho. Mkono uliozoea koki ya lori ulikuwa ukimwasha. Wahida alimkuta mara kwa mara amesimama uani, mikono nyuma.

"Baba, si ushazipa leo?"

"Naziangalia tu."

"Na hiyo finjani huko nyuma?"

"Hii? Nilikuwa nakunywa kahawa."

"Kahawa gani nyeupe hiyo, Baba?"

Nyasi zikashika. Wallahi zilishika. Zikatoa vijiti, vijiti vikainama vikagusa mchanga, na pale kwenye fundo lililogusa mchanga ikaota mizizi mipya. Mbarouk akajifunza kuliwekea kila fundo kijiwe juu yake ili lisipeperushwe na upepo, na shina likazaa shina. Majira ya baridi ya pili zilikuwa zimetandaa ukutani kote, zimetoa mashuke mepesi, na shomoro wa mtaa mzima walikuwa wakija kudonoa mbegu. Mizizi yake ilikuwa imejivika mchanga, umeigandama kama soksi, na Mbarouk alimwonyesha kila aliyekuja, akitaka asitake. Aliwapigia simu za picha watu wa Jeddah waliotawanyika tangu mtaa ubomolewe, akawazungusha uani shina kwa shina. Mjukuu wake, Muna, alilalamika kwamba simu ya Babu ina picha nyingi za nyasi kuliko zake. Ilikuwa kweli, na Babu hakukanusha. Alikuwa akijivuna waziwazi, na mtu aliyepotezewa mtaa mzima acha ajivunie ukanda wa mchanga.

Kisha Muna akaposwa. Kijana ni wa Jeddah, wa watu wa Bani Malik vilevile, na wageni wa posa wangekuja shule zikishafungwa, maana yake katikati ya kiangazi. Kiangazi cha Riyadh hakina mchezo. Thumamu, kama desturi yake, zilijifunga. Majani yakakauka, vijiti vikawa rangi ya majani ya kuezekea, na uani kote pakawa kama pameachiwa mbuzi.

Usama alilizunguka jambo lile siku nyingi kabla ya kulisema. Alilisema baada ya chakula, macho kwenye sahani.

"Baba, usinichukulie vibaya. Wageni hao watapita uani. Nimeona dukani nyasi za plastiki, kijani mwaka mzima. Nimeziagiza."

"Plastiki," alisema Mbarouk.

"Ndiyo, Baba."

"Na hizi je?"

Wahida, aliyekuwa amekaa kati ya baba na mume na haelewi amwangalie nani, akapata njia ya katikati. "Baba, si uzimwagie maji tu! Siku hizi chache, umwage kama zamani. Zitarudi kijani, na Usama atarudisha hayo maplastiki dukani. Au vipi, Usama?"

"Zikiwa kijani, mie sina neno," alisema Usama, na ilionekana kwamba amepumua.

Mlango ule ulikuwa mpana, na Mbarouk aliuona vizuri. Alijua maji yangezirudisha. Kwenye joto lile zingechipua upesi, wageni wangezikuta zinang'aa na wangemsifu. Alijua pia yatakayofuata. Maji mengi kwenye mchanga uliochemka, chini yake mabaki ya saruji aliyoshindwa kuyafikia, mizizi ingeiva kama ile ya kwanza, na posa ikiisha angekuwa na safu ya maiti ukutani. Lakini akikataa, plastiki itatandikwa, nyasi zitang'olewa, na yeye atarudi kwenye kiti chake na mto wake mgongoni. Kwa vyovyote angeukosa ua. Tofauti ni kwamba kwa njia moja angekosa baada ya kusifiwa.

Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri alitangulia kurudi kutoka msikitini. Akauvuta mpira, akafungua koki, akahisi maji yanakuja ndani ya mpira yakiutikisa, uzito ule anaoujua kuliko uzito wa mtoto. Alikuwa ameshikilia ncha ya mpira kwa kidole gumba. Hakuna mtu angemlaumu. Na alitamani, hilo tuliseme. Alitamani mpaka mate yakamjaa. Akasimama hivyo, maji yakimchirizika kidoleni, akiziangalia nyasi zilivyojikunyata na zisivyomwomba chochote. Kisha akarudi kwenye koki akaifunga.

Alipogeuka alimkuta Usama getini, viatu mkononi, amesimama sijui tangu saa ngapi.

"Hukuzimwagia, Baba?"

"Sikuzimwagia."

"Kwa nini?"

Hapo Mbarouk akasema na mkwewe zaidi kuliko alivyosema naye tangu ahamie. Alichuchumaa, akapasua kijiti kimoja karibu na mchanga, akamwonyesha uzi wa kijani ulio ndani. "Hazijafa hizi. Zimelala. Mtu aliyelala humwamshi kwa ndoo ya maji ili wageni wamkute macho, halafu ukamwacha afe. Mie nimemwaga maji maisha yangu yote, Usama, na hizi ndizo zilizonifundisha kufunga koki. Weka plastiki yako. Nyumba ni yako, na sitakuwa na kinyongo. Lakini usiniambie nizidanganye."

Usama aliangalia kile kijiti, akakigeuzageuza, akaingia nacho ndani.

Siku ya tatu yake plastiki ikaletwa. Mbarouk aliliona lile furushi la kijani limesimamishwa kwenye kona ya maegesho, na moyo ukamwanguka. Hakugomba. Alikula kidogo, akajibu salamu, akaacha kabisa kwenda uani. Wahida alimpikia mkate wa kumimina anaoupenda, mzee akaumega upande mmoja akauacha. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya wageni alijiogesha mapema, akavaa kanzu mpya, akajifukiza udi, akajiambia kwamba leo ni ya Muna. Gari la kwanza lilipopiga honi ilimbidi atoke kupokea, maana yeye ndiye mkubwa. Alitoka akiangalia juu ili asione chini. Lakini mguu haukukanyaga plastiki. Ulikanyaga vigae vile vile vya siku zote, na pale ukutani thumamu zilikuwa zimesimama kama zilivyo, kavu, chakavu, mashina yote yapo. Furushi bado lilikuwa kwenye kona, kamba zake hazijafunguliwa.

Hakupata muda wa kuuliza. Wageni walikuwa wameingia, na mbele yao wote Bi Zeinab, bibi yake bwana harusi, mkongojo mkono mmoja na mjukuu mkono wa pili. Bi Zeinab alikaa ghorofa ya tatu Bani Malik, na tangi lake lilikuwa juu ya paa. Mbarouk alilijaza miaka na miaka. Bibi alisimama katikati ya ua, akaziona nyasi, akamwona Mbarouk, akapiga kofi pajani.

"Mbarouk weye! Umenywesha Bani Malik nzima, leo nyasi zako mwenyewe unazinyima maji?"

Kicheko kiliripuka. Wajomba wa bwana harusi walicheka, madereva walicheka, hata Wahida aliyekuwa mlangoni na chetezo alijifunika mdomo kwa mtandio. Mbarouk aliinamia vigae. Wanamcheka mtu wa waiti kwa kukosa maji, na mbele ya mkwewe.

Ni Usama aliyejibu. "Shikamoo, Bi Zeinab. Hazikunyimwa. Njoo nikuonyeshe." Mhasibu yule, na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, akapiga magoti mchangani mbele ya wageni wote. Akapasua kijiti karibu na ardhi, akamnyanyulia bibi aone kijani cha ndani. Akamweleza kwamba zimelala, na kwamba maji ya leo yangekuwa kifo cha kesho. Akafukua kidogo akamwonyesha mizizi iliyovaa mchanga. Akamwonyesha vijiwe kwenye mafundo na kuwaambia wajomba kwa nini vimewekwa. Hakukosea hata jambo moja. Mambo ambayo Mbarouk alikuwa akiyasema uani siku zote hizo, akidhani anaongea na ukuta, yote yalikuwa kwenye kichwa cha yule mtu.

Bi Zeinab alikipokea kijiti akakitazama kwa karibu, na hakucheka tena. "Hebu basi nikatie shina moja," alisema. "Nikaliweke roshani kwangu Jeddah."

Usama alisimama akajipangusa mchanga magotini. "Mie sina ruhusa hiyo, Bi Zeinab. Nyumba yangu inaishia pale mlangoni. Huku uani mwenyewe ni Baba. Muombe yeye."

Watu wote wakamgeukia Mbarouk. Macho yalimjaa machozi na hakuhangaika kuyaficha. Akajitengeneza kofia, akavuta pumzi mpaka kifua kikapanda.

"Njoo majira ya baridi," alimwambia Bi Zeinab, kwa sauti ya mtu mwenye mali yake. "Sasa hivi sitoi."